Kipindi cha Sijui

Mlalo,
14 Septemba 2024

Shangazi yangu Mwanamwema,

Shikamoo. Naiweka mwanzoni kabisa, maana barua isiyo na shikamoo nakujua utairudisha kwa dereva bila kuifungua.

Sisi wazima. Kaka yako, yaani Baba, analalamikia mgongo, lakini jana kapandisha mbuzi mabegani kutoka bondeni, kwa hiyo Mama anasema mgongo huo unauma siku za palizi tu. Nimempa Yusufu, dereva wa Kosta, kabichi nne zako. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mwanao Amiri kanieleza kwamba masikio yako hayashiki tena simu, na ujumbe wa maandishi wajukuu wote wanausoma kabla haujakufikia.

Sasa nikwambie la shuleni. Unajua nimepangiwa shule yako ya zamani, na nina darasa la sita, watoto arobaini na saba, kwenye kile chumba cha mwisho chini ya shamba la shule. Ni watoto wazuri na wanajua kunakili. Nikikosea tarehe ubaoni, tarehe iliyokosewa inaingia kwenye madaftari arobaini na saba na hakuna anayenyoosha mkono. Hilo lilinitia hofu kuliko hesabu zao mbovu. Kwa hiyo nimeanzisha kitu, kila Ijumaa kipindi cha mwisho, tunakiita Kipindi cha Sijui. Kila mtoto alete swali ambalo halimo kitabuni na mimi mwenyewe silijui.

Wiki tatu za mwanzo waliniletea maswali ya kitabuni na majibu yake, kwa woga. Ya nne, Faraji akauliza kwa nini ukungu wa huku unapanda kutoka bondeni badala ya kushuka kutoka juu. Tukabishana mpaka kengele. Jana akasimama Sabra, yule mwembamba anayekaa karibu na mlango. Akasema mlango wetu mwezi wa tano ulikuwa unafunga, na sasa haufungi mpaka uupige bega. Akasema si maji yaliyouvimbisha, kwa sababu sasa ni kiangazi, na mwezi wa tano ndio kulikuwa na mvua. Sasa nini kimeusukuma?

Nikasema sijui. Darasa zima likacheka kwa raha.

Wewe ulifundisha hapa miaka tisa, Shangazi. Mlango wa chumba hiki uliwahi kukataa hivyo?

Mwanao,
Yusra


Bulwa,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Kabichi zimefika, mbili zimeoza kwa sababu ulizifunga kwenye nailoni. Hilo ungeliuliza kwenye kipindi chako.

Hapa tuko salama. Amiri yuko zamu ya asubuhi kiwandani, anarudi ananukia chai mpaka watoto wake wanamkimbia. Mimi nasikia tu wanapopiga kelele wote kwa pamoja, na kwa wajukuu sita hilo ni jambo la heri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja na neno sijui sikulitamka mbele ya watoto hata siku moja, hata siku ambazo nilikuwa sijui. Mwalimu akishasema sijui, kesho hawamwamini hata katika anachokijua. Nafahamu mlichofundishwa chuoni, kwamba mtoto afikiri, mtoto agundue. Ni maneno mazuri. Lakini mtihani wa darasa la saba hauulizi habari za milango. Unauliza kilichoandikwa, na anayefaulu ni yule aliyekishika kilichoandikwa. Watoto wa huko juu hawana njia nyingine ya kushuka mlimani, nawe usiwachezee.

Mlango mwite fundi Samsoni aupige randa.

Msalimu kaka yangu, mwambie mgongo unataka mafuta ya moto, sio maneno. Halafu niambie, lile shamba la shule siku hizi mnalima mpaka wapi? Enzi zetu tulikuwa tunaishia kwenye jiwe refu. Msipite hapo.

Shangazi yako,
Mwanamwema


Mlalo,
17 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mafuta Baba kapakwa, mgongo umepona na palizi imekwisha, vyote siku moja. Viazi tumevuna vingi na vidogo. Mama anauliza kama kikohozi cha mke wa Amiri kilitulia.

Fundi Samsoni alikuja akapiga randa mlango, ukafunga. Baada ya siku kumi na mbili ukakataa tena.

Sasa usinikasirikie. Uliposema tusipite jiwe refu, nilijua lazima twende tukaone. Nilikwenda na watoto Ijumaa, mchana kweupe. Nyuma ya jiwe, katikati ya maharage, kuna ufa. Upana wake vidole vinne, kina hatukijui, kijiti cha mita moja kiliingia chote. Unaanzia kwenye jiwe, unazunguka hadi kwenye mikaratusi, umepinda kama ukingo wa ungo. Faraji alichora ramani yake. Ukiitazama ramani, chumba chetu kimekaa chini ya katikati ya ungo.

Wazo la kupima lilikuwa lao, mimi nilibeba nyundo tu. Walipigilia vigingi viwili viwili, kimoja upande huu wa ufa na kimoja upande ule, sehemu tano, na kila Ijumaa wanapima kati ya kigingi na kigingi. Sabra anaandika kwenye kaunta buku, safu kwa safu. Pale katikati tulianza na sentimita thelathini na nane. Wiki ya pili thelathini na nane na nusu. Ikaja mvua ya vuli siku nne mfululizo, tukapima arobaini na moja. Sijawahi kuona watoto wakinyamaza vile kwa ajili ya namba.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Rubeni. Si mtu mbaya. Alitoka Tanga miaka miwili iliyopita akaikuta shule hii ni ya mwisho katani, na amefanya kazi kuitoa hapo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza zoezi hilo linatoka kwenye mada ipi ya mtaala.

Jambo jingine. Jumanne, njia ya sokoni, nilikutana na bibi mmoja anauza magimbi. Akanisalimia kwa Kisambaa, onga makeo, akaniuliza watoto wanafanya nini kule juu na vijiti. Nikamweleza. Akatua mzigo wake chini, akanitazama, akasema, "Kamuulize shangazi yako habari za Rukia." Kisha akajitwisha akaenda zake.

Rukia ni nani, Shangazi?

Yusra


Bulwa,
20 Desemba 2024

Yusra,

Marahaba. Kikohozi kilitulia. Mvua hapa ni nyingi.

Rukia alikuwa mpishi wa uji shuleni. Alifariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Omba uhamisho. Kuna mwanafunzi wangu wa zamani yuko ofisi moja Tanga, nitamwandikia mimi mwenyewe, naye hawezi kunikatalia. Januari uwe umeshaondoka. Usiniulize sababu na usimpelekee Baba yako barua hii.

Mwanamwema


Mlalo,
2 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaona aibu, na hiyo aibu ndiyo iliyochelewesha zaidi.

Nyumbani wote wazima. Tuna matunda damu mwaka huu mpaka watoto wanayachezea mpira.

Sikuomba uhamisho. Watoto wangu wameingia darasa la saba na nimepanda nao. Mwaka huu ndio wa mtihani, na bado tuko chumba kile kile, kwa sababu ndicho kikubwa.

Kuna mambo nilikuficha. Mwezi wa kumi na moja nilipewa barua ya kujieleza, kwa kuwatoa wanafunzi eneo la masomo bila idhini. Nilijieleza. Nikaendelea kupima, kimya kimya, mpaka tukafika sentimita arobaini na sita. Halafu wiki ya pili ya Januari tukaambiwa wageni wanakuja kukagua mazingira ya shule. Unajua siku hizo zinavyokuwa. Mawe yote ya njiani yanapakwa chokaa, maua yanahamishiwa mbele, watoto wanakuja na mifagio badala ya madaftari. Mwalimu Rubeni akaniita ofisini, akafunga mlango. Akasema, "Mwalimu Yusra, wageni wakiuona ule ufa watafunga shule. Shule ya karibu ni mwendo wa saa mbili, na wewe unajua ni wasichana wangapi hapa ambao baba zao hawatawaruhusu mwendo huo. Nisaidie."

Shangazi, hakusema uongo. Ni wengi.

Kwa hiyo nililipandisha darasa langu na makarai. Tuliujaza ufa udongo, tukashindilia kwa miguu, tukaotesha majani juu yake. Vigingi tuliving'oa. Watoto waliimba wakifanya, maana hawakuwa darasani. Sabra hakuimba. Wageni walikuja, wakasifu, wakaandika kitabuni kwamba shule ni ya mfano.

Ijumaa iliyofuata, Kipindi cha Sijui, Sabra alikuja mezani na kaunta buku. Akauliza, "Mwalimu, kwenye safu ya leo niandike nini?"

Nikamwambia aandike hakuna.

Akaandika. Hakuuliza kwa nini. Mwaka mzima nimemfundisha kuuliza, na siku moja imetosha kumrudisha. Tangu hapo analeta buku kila Ijumaa, anaandika neno hilo hilo, anarudi kukaa. Sijui namna ya kumwambia aache, na mlango wetu sasa haufungi hata kwa bega.

Masika inakuja. Kama kuna kitu unakijua juu ya mlima huu, nakuomba uniambie kabla ya mwezi wa tatu. Sikuulizi tena kama mwalimu kwa mwalimu. Nakuomba tu.

Yusra


Bulwa,
23 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuweke.

Barua yako nimeilalia siku tatu. Neno hakuna nililiandika mimi kabla hujazaliwa.

Ufa ule si mpya. Mwaka 1998, baada ya mvua kubwa, ulikuwa mahali hapo hapo, nyuma ya jiwe. Mimi nilikuwa mwalimu wa mazingira. Wageni walikuwa wanakuja, nami nilikuwa na sifa katika wilaya nzima, shule yangu ilikuwa inang'aa. Niliwapandisha watoto na makarai tukaufukia. Sikulazimishwa na mtu. Wewe ulilazimishwa, mimi nilipenda.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Salimu, darasa la tano, mwana wa Rukia mpishi. Alikuwa akipanda na mama yake kuokota kuni, kwa hiyo mlima aliujua. Siku moja nimechora ua ubaoni, sehemu za ua, wachore. Napita kukagua, nakuta Salimu amechora mlima, na shule chini yake, na mstari mweusi juu. Nikamuuliza hiki ni nini. Akasema, "Udongo unataka kushuka, mwalimu." Nikamwambia nimeagiza ua. Nikamchapa viboko vinne, na ukurasa nikauchana mbele ya darasa, ili wengine wajue kwamba linachorwa lililoko ubaoni.

Baada ya siku kumi na moja udongo ulishuka. Ilikuwa Jumamosi, shule imefungwa, ndiyo maana watu walisema Mungu katuhurumia. Ulichukua jiko na stoo. Rukia alikuwa jikoni anaosha masufuria ya Jumatatu. Walimtoa siku ya pili. Huko juu msiba ule hausimuliwi mbele ya watoto, ndiyo maana hukuusikia.

Ikaja kamati. Wakaniuliza kwa maandishi, je, kulikuwa na dalili yoyote kabla? Nikakaa kwenye meza yangu, nikachukua kalamu yangu nzuri, nikaandika: Hakuna. Kwa sababu ya neno hilo hawakuihamisha shule. Walisafisha udongo, na pale lilipokuwa jiko wakajenga chumba. Ndicho hicho mnachokaa.

Salimu hakurudi darasani. Mimi nikaomba uhamisho, nikaja huku, nikapandishwa cheo mara mbili. Kila ulipoandika Sabra nilisoma Salimu, na niliogopa kuliko ninavyoogopa kufa. Sikukueleza mapema kwa sababu nilitaka kufa nikiitwa mwalimu hodari.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni maelezo yangu kamili, nimetia sahihi, Amiri ameshuhudia. Mpe mwalimu mkuu, wape wazazi, peleka wilayani. Uwatoe watoto kwenye chumba hicho, hata kama mtasomea sokoni.

Na mwambie Sabra kwamba neno lile alifute.

Shangazi yako


Mlalo,
6 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Idi imepita, tumekula bila furaha kubwa. Baba anakusalimu. Nilimsomea barua yako. Alisema Rukia alikuwa akimwongezea uji alipokuja kukutembelea shuleni.

Barua ile ilinifikia tarehe 28 Machi. Barabara ilikatika juu ya Soni, na Yusufu alikaa nayo wiki tatu kwenye kibanda cha rafiki yake, anasubiri gari lipite. Alinikabidhi kwa mikono miwili na kuniomba radhi, wala hakujua amebeba nini.

Mwalimu Rubeni aliisoma yote, akairudia tangu mwanzo. Nitamshukuru kwa hilo. Akaitisha kikao cha wazazi, Alhamisi. Nilisoma maelezo yako yote, sikuruka neno. Watu walilia. Nikadhani tumemaliza.

Kisha Mwalimu Rubeni akafungua faili la zamani la shule. Hakufanya kwa ubaya, alisema ni haki wazazi waone yote. Ndani yake kuna ripoti ya kamati ya 1998, na karatasi yako. Akaipitisha mstari wa mbele. Ule mwandiko wako, Shangazi, walishindwa kuacha kuutazama. Akasimama baba yake Sabra, akasema, "Huyu mwalimu wakati ule alikuwa pale, macho yake mazima, akaandika hakuna dalili. Leo ni mzee, yuko mbali, anaandika zilikuwepo. Tumwamini yupi?"

Nikatoa kaunta buku la watoto. Nilijua namba zitasema. Wakaligeuza kurasa, na mjumbe mmoja wa kamati ya shule akaenda mpaka mwisho. Wiki tisa za mwisho zote zimeandikwa hakuna. Akaniuliza kama ni mimi niliyeamuru iandikwe hivyo. Nikasema ndiyo. Akafunga buku, akaniletea kwa adabu kabisa.

Wameamua hivi. Madarasa madogo yatahamia msikitini na kwenye ghala la ushirika kwa muda, kwa tahadhari. Darasa la saba halihami, kwa sababu ndilo la mtihani na kule hakuna ubao wala madawati. Tena kuanzia tarehe 22 watoto watakaa kambi, wasome asubuhi na jioni, walale hapo hapo chumbani. Wazazi wenyewe ndio walioiomba kambi. Magodoro yamepangwa kwenye ukuta wa nyuma, upande wa mlima. Nilimfuata baba yake Sabra nyumbani nikamsihi. Akaniambia binti yake ndiye wa kwanza katika nyumba ile kufika darasa la saba, hawezi kumtoa kambini kwa ajili ya vijiti.

Wilayani wamejibu kwamba mtaalamu atapangiwa safari masika ikipungua. Majani tuliyootesha juu ya ufa yamezama, yamefanya mfereji, na maji yanaingia humo na hatuoni yanakotokea.

Nitalala nao. Sijui kingine cha kufanya.

Yusra


Bulwa,
13 Aprili 2025

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Barua hii anaileta Yusufu mwenyewe, na mimi nipo gari linalofuata. Amiri amenikatalia, mke wake amelia, nimewaacha wakilia.

Wana haki kuniuliza wamwamini yupi. Waliniamini nilipodanganya kwa sababu niliandika vizuri. Sitaandika tena.

Mwambie Mwalimu Rubeni aweke godoro moja zaidi ukutani, upande wa mlima, chini ya katikati ya ungo aliouchora Faraji. Hilo ni langu. Nitakaa chumbani humo mchana na usiku, na kila mzazi atakayemleta mtoto wake kambini atanikuta, nitamsalimia, nitamwambia kwa mdomo wangu niliyemfukia Rukia ni mimi. Akishasikia hivyo na bado akataka kumlaza mtoto wake kando yangu, amlaze.

Wewe usilale humo. Wewe kaa nje na watoto watakaotolewa, maana watahitaji mwalimu.

Shangazi yako,
Mwanamwema